Filta na dilei ni ndugu, distoshoni ndiyo inayoamua

Vijana wengi wanaoanza kutengeneza muziki huniuliza wanunue plagini gani ya efekti, yaani programu ndogo ya kubadilisha sauti. Huwa nawajibu kwamba karibu kila programu ya kurekodia inakuja na filta (inayopunguza baadhi ya masafa, yaani sauti nene au nyembamba), distoshoni (inayochafua sauti kwa kukata vilele vya wimbi lake) na dilei (inayoichelewesha sauti na kuirudia) ndani yake, na hizo tatu peke yake zinatosha kumshughulisha mtu miaka mingi. Swali ninalotamani waniulize ni jingine: zipangwe vipi? Ipi itangulie, na ipi ifuate? Hapo ndipo sauti inapotengenezeka au kuharibika, na hapo ndipo nina msimamo wangu.

Fanya jaribio hili. Chukua treki moja, iwe ya gitaa au ya mwimbaji, weka filta kwanza halafu dilei. Sikiliza. Kisha hamisha: dilei itangulie, filta ifuate, na usiguse nobu (kitufe cha kuzungusha) hata moja. Mwambie mwenzako abadilishe mpangilio huku umefumba macho, hutaweza kumwambia kipi ni kipi. Filta inayokata masafa ya juu itayakata kwenye sauti ya asili na kwenye kila mrudio, iwe imekaa mbele au nyuma. Tofauti inajitokeza pale tu unapoizungusha filta huku muziki unapiga. Ikiwa mwisho, inaipitia hata mikia ya dilei iliyokwisha kutoka. Ikiwa mwanzo, mikia ile inabaki kama ilivyozaliwa.

Sasa ingiza distoshoni. Iweke mwanzo, usikilize. Ipeleke katikati, usikilize. Ipeleke mwisho. Nobu ni zilezile, lakini kila unapoihamisha unapata ala nyingine kabisa. Ndiyo maana nasema filta na dilei ni ndugu, na distoshoni haina undugu nazo. Hizo mbili zinagawa na kupunguza kilichopo. Distoshoni inazaa kisichokuwepo, na kila kinachokuja baada yake kinalazimika kuwalea hao watoto.

Undugu huo unaonekana hata kwenye hesabu. Filta ya kidijitali imejengwa kwa dilei. Kwenye rekodi ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, sampuli moja inafuata nyingine baada ya milisekunde 0.0227 hivi. Chukua kila sampuli, ijumlishe na ile iliyoitangulia, gawanya kwa mbili. Tayari umepata filta inayolainisha masafa ya juu, na ikifika 22,050 Hz (mitetemo kwa sekunde) haipitishi kitu. Refusha kuchelewa kule kufike milisekunde 1, uchanganye nusu kwa nusu na sauti ya asili, na mashimo yanachimbika kwenye 500 Hz, 1,500, 2,500 na kuendelea hivyo hadi juu. Sauti inakuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya bomba. Endelea kurefusha mpaka milisekunde 300 na sikio linaacha kusikia rangi, linaanza kusikia mrudio. Kanuni ni ileile kutoka mwanzo hadi mwisho; sikio ndilo linalobadilisha jina.

Nalisema hili kwa sababu lina madhara ya kila siku. Kuna mbinu maarufu ya kupanua sauti: unaiacha upande wa kushoto ilivyo, unaichelewesha upande wa kulia kwa milisekunde 15 au 20. Helmut Haas alieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1949 jinsi sikio linavyoifuata ile sauti iliyotangulia na kuimeza ile inayochelewa kidogo, kwa hiyo husikii mwangwi, unasikia upana. Kwenye hedifoni inapendeza mno. Halafu mtu anausikiliza wimbo kwenye simu yenye spika moja, pande mbili zinajumlishwa, na ile dilei ya milisekunde 15 inarudi kuwa filta yenye mashimo kwenye 33 Hz, 100, 167 na kwenda juu. Gitaa lililojaa chumba linasinyaa. Bonyeza kitufe cha mono, kinachojumlisha pande mbili, kabla hujaanza kusherehekea.

Kuhusu filta yenyewe sitakaa sana, kwa sababu ndiyo watu wanaoielewa haraka kuliko zote. Mambo mawili tu. La kwanza ni kwamba sikio linahesabu kwa oktavu, yaani kila masafa yanapozidishwa mara mbili. Kutoka 20 Hz hadi 20,000 Hz ni oktavu kumi hivi, na katikati ya safari hiyo ni kwenye 630 Hz, mbali sana na 10,000. Kwa hiyo nobu ya filta ikiwa imesimama wima kabisa na inaonyesha mia sita na kitu, usidhani imeharibika. La pili ni mteremko, unaopimwa kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Filta ya desibeli 12 kwa oktavu ukiiweka kwenye 1,000 Hz, kilicho kwenye 2,000 kinashuka kwa desibeli 12 hivi, na kilicho kwenye 4,000 kwa 24. Ukichagua ya 24, mashuko hayo yanazidishwa mara mbili. Filta maarufu ya Robert Moog, mtengenezaji wa sintesaiza, ya miaka ya 1960 ni ya 24, na ukipandisha rezonansi yake (nitaieleza hapa chini) besi inapungua. Plagini nyingi zinazoiga filta ile zinaiga na tabia hiyo, kwa hiyo besi ikikukimbia unapopandisha rezonansi, jua sababu, kisha ongeza sauti au shusha rezonansi.

Rezonansi ndiyo daraja la kutupeleka kwenye distoshoni. Inanyanyua masafa yaliyo karibu na pale filta inapokatia, inayafanya yachomoze. Ukiweka filta yenye rezonansi kali kabla ya distoshoni, kile kilichochomoza ndicho kinachoigonga distoshoni kwanza na kwa nguvu zaidi kuliko vyote. Zungusha nobu ya kukatia polepole na utasikia distoshoni ikibadilisha vokali, kana kwamba inatamka a, o, u. Geuza mpangilio, distoshoni kwanza halafu filta, na rezonansi sasa inatembea juu ya utajiri uliokwisha kutengenezwa, inaonyesha kila harmoniki (masafa yaliyo mara mbili, mara tatu na zaidi ya noti yenyewe) moja moja inapopita. Kwa besi ya sintesaiza napenda huu wa pili. Kwa ngoma napenda ule wa kwanza. Hii ni ladha yangu, lakini nimeijenga kwa kusikiliza na sioni haya kuitetea.

Sasa distoshoni kwa karibu. Piga noti moja safi kabisa, wimbi lisilo na harmoniki hata moja, tuseme la 200 Hz. Filta haina cha kufanya nalo zaidi ya kulipunguza sauti. Dilei italirudia tu. Distoshoni inakata vilele vya wimbi, na papo hapo yanazaliwa masafa mapya. Ukikata juu na chini kwa usawa unapata zile za namba witiri tu: 600 Hz, 1,000, 1,400. Ukikata upande mmoja zaidi ya mwingine zinaingia na za namba shufwa: 400, 800, 1,200. Wengi huita hizi za pili sauti yenye joto, kwa sababu 400 na 800 ni oktavu za noti yenyewe na zinakaa ndani yake bila ugomvi. Ukitumia ukataji usio sawa, weka filta ndogo ya kuondoa kila kilicho chini ya 20 Hz baada yake. Wimbi linakuwa limeegemea upande mmoja, na hilo linakula nafasi ya sauti bila wewe kusikia chochote.

Noti mbili zikiingia pamoja ndipo mambo yanapokolea. Chukua 200 Hz na 300 Hz, umbali wa noti ya tano. Distoshoni inatoa jumla na tofauti zao: 500, 100, pia 400. Zote hizo ni mara kadhaa za 100, kwa hiyo zinapatana, na juu ya hapo unapata besi ya 100 Hz ambayo hakuna aliyeipiga. Ndiyo maana wapiga gitaa la rock hubana nyuzi za noti ya kwanza na ya tano, wakaacha ya tatu. Jaribu sasa umbali wa noti kubwa ya tatu, ukianzia 400 Hz. Kwenye kinanda cha kawaida mwenzake yuko karibu na 504, si 500 kamili. Distoshoni inatoa 104, 296, 608, na harmoniki ya tano ya noti ya kwanza iko 2,000 huku ya nne ya mwenzake iko 2,016, zinagombana mara 16 kwa sekunde. Noti nne zikipigwa pamoja na kupita kwenye distoshoni kali zinageuka uji usiotambulika. Dawa yake ni kuzitenganisha: kila noti kwenye treki yake, kila treki na distoshoni yake, halafu uzichanganye baadaye. Ni kazi, lakini sikiliza tofauti yake mara moja tu na hutaiona tena kama kazi.

Kuna ugomvi mwingine unaotokana na kompyuta yenyewe. Kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde, hakuna sauti ya juu ya 22,050 Hz inayoweza kuhifadhiwa. Lakini distoshoni haijali mpaka huo. Sauti ya 5,000 Hz inazaa 15,000, sawa. Inazaa 25,000, na hiyo haina pa kwenda, inajikunja na kurudi kama 19,100. Inazaa 35,000, inarudi kama 9,100. Hakuna uhusiano wowote wa kimuziki kati ya 5,000 na 9,100. Unausikia kama ukwaruzo wa kioo juu ya haihati (matoazi ya ngoma) au sauti za s za mwimbaji, na ukicheza noti zinazopanda, ukwaruzo wenyewe unashuka. Plagini nyingi zina kitufe cha ovasampulingi, mara 2, mara 4, mara 8. Kazi yake ni kuupeleka mpaka ule mbali zaidi wakati wa kukata vilele, kisha kuvichuja vilivyozidi kabla ya kurudi chini. Inakula nguvu ya kompyuta, kwa hiyo ninapotunga huiacha kwenye mara 2, na wakati wa kutoa faili ya mwisho naipandisha. Njia ya bure ni kuichuja sauti kabla haijaingia: ukiondoa kilicho juu ya 8,000 Hz kwenye njia ya distoshoni, kujikunja kunapungua sana.

Na kabla hujasema distoshoni imependeza, shusha sauti yake ya kutokea mpaka ilingane na sauti ya kabla. Washa, zima, washa, zima. Kitu chenye sauti kubwa zaidi hupendwa hata kama ni kibaya, na nobu ya draivu, ile inayoamua distoshoni iwe kali kiasi gani, ikipanda sauti nayo hupanda. Nimeshaona miksi nyingi ambazo distoshoni yake ilipendwa kwa ukubwa wake tu.

Dilei nitaieleza kwa kazi moja halisi. Mdogo wangu mmoja anayeimba alinitumia treki zake na ujumbe mfupi: "Dada, sauti imekaa vizuri ila iko uchi." Alikuwa na haki. Wimbo ulikuwa wa mapigo 96 kwa dakika, mpole, ala chache, na kila alipomaliza mstari kulikuwa na shimo.

Hesabu ya muda ni 60,000 ukigawanya kwa mapigo. Kwa 96 unapata milisekunde 625 kwa pigo moja. Nilichagua robo tatu ya pigo, milisekunde 469 hivi, kwa sababu mrudio unaangukia kati ya mapigo na haukanyagi snea. Programu nyingi zinakufanyia hesabu hiyo zenyewe, ila ni vizuri kuijua, maana mara nyingine unataka kuvuta milisekunde 10 nyuma ili mrudio ulegee kidogo.

Fidibaki, inayorudisha sehemu ya mrudio ndani ya dilei ili urudiwe tena, ni nobu inayohitaji adabu, kwa sababu haipandi sawasawa. Ukiweka 50 kwa mia, kila mrudio unashuka desibeli 6, na baada ya mirudio 10 umeshuka 60, kumetulia. Kwa milisekunde zile 469 ni sekunde karibu 5. Ukiweka 70 kwa mia, mkia unafika sekunde 9. Ukiweka 90, unapita sekunde 30. Hatua ileile ya vidole mwanzoni mwa nobu haisikiki, mwishoni inafunika wimbo mzima. Na ukipita 100, kila mrudio unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Vua hedifoni kabla ya kujaribu hilo. Nasema kwa dhati, masikio hayana ya akiba.

Niliiweka 45. Ndani ya mzunguko wa fidibaki, si nje, nikaweka filta mbili: moja inayoondoa chini ya 300 Hz, nyingine inayokata juu ya 4,000. Kukaa ndani ya mzunguko ndiko kunakoleta tofauti, kwa sababu kila mrudio unapita filta upya. Kilicho kwenye 8,000 Hz kinashuka desibeli 12 kwenye mrudio wa kwanza, 24 kwenye wa pili, 36 kwenye wa tatu. Mirudio inazidi kuwa myeusi na kurudi nyuma, na maneno mapya ya mwimbaji yanabaki mbele. Hivyo ndivyo zilivyofanya mashine za mwangwi za utepe kama Roland RE-201 ya mwaka 1974, ambapo utepe ulipoteza uangavu kila sauti ilipozunguka. Mafundi wa dub, tawi la reggae, wa Jamaica, King Tubby akiwa mbele yao, walishika mwangwi na filta kwa mikono huku wimbo unaenda, na mpaka leo sijasikia matumizi ya efekti yaliyo hai kuliko yale.

Kisha distoshoni. Nilianza kwa kuiweka baada ya dilei, kumwonyesha mdogo wangu kinachotokea. Mirudio mitatu ya kwanza, iliyoshuka hatua kwa hatua, iliigonga distoshoni iliyoongeza desibeli 20, yote mitatu ikagota dari, ikatoka na ukubwa unaokaribiana. Mkia haukushuka, ulisimama kama ukuta, na pumzi alizovuta kati ya mistari zikawa kelele. Kwa wimbo wa hasira ningeuacha hivyo. Kwa huu, hapana. Nikaiweka kabla ya dilei: sasa kila mrudio ulikuwa mchafu kwa kiasi kilekile na ukashuka kwa heshima. Vizuri, lakini bado ulisikika kama nakala ya nakala.

Mwisho niliiingiza ndani ya mzunguko, pamoja na zile filta, kwa draivu ndogo sana. Hapo mrudio wa kwanza ulikuwa karibu safi, wa nne umeshika kutu, wa sita ni kivuli tu cha vokali. Faida nyingine ya kuiweka pale ni kwamba inakata vilele kwenye kila mzunguko, kwa hiyo hata ukiisukuma fidibaki ipite 100 sauti haiendi mbio bila mwisho, inafika mahali inajizuia. Ukitaka kusukuma dilei mpaka ijiimbie yenyewe kabla ya kiitikio, mpangilio huo ndio utakaokulinda.

Yote haya yalikuwa kwenye treki ya pembeni niliyoilisha kwa sendi (njia inayopeleka nakala ya sauti huko), nobu ya miksi ikiwa 100 kwa mia, ili sauti kavu ya mwimbaji isiguswe. Sendi yenyewe niliifunga muda wote, nikaichorea otomesheni (maelekezo ya kuizungusha nobu yenyewe) ifunguke kwenye neno la mwisho la mstari tu. Neno moja linaingia dilei, linazunguka kwenye lile shimo, na mstari unaofuata unapoanza linakuwa limeshapungua. Kwenye ubeti wa pili nilisogeza muda wa dilei ukiwa unalia, kutoka 469 hadi 625, na kwa kuwa plagini ilikuwa imewekwa kwenye hali ya utepe, sauti ilishuka kimo kwa mwendo mmoja laini ilipokuwa inaelekea huko. Kwenye hali ya kidijitali ungepata mruko tu. Aliposikia pale akaniandikia, "Dada, hapo usiguse." Sikugusa.

Unapotoa faili, hakikisha programu haikati pale treki inapoishia. Ongeza sekunde kadhaa mwishoni, walau urefu wa mkia wako wa dilei. Kwa fidibaki ya 45 na milisekunde 469, sekunde 5 zinatosha. Halafu fungua faili iliyotoka na usikilize mwisho wake kwa sauti ya juu, kabla hujaituma kwa mtu.